Bi Rufaida na Darasa Lisilo na Fimbo

Ijumaa hii, tarehe 31 Julai, Bi Rufaida Abdulkadir anastaafu baada ya kufundisha chekechea hapa Kakuyuni kwa miaka ishirini na minne. Muda wote huo hakumchapa mtoto hata mmoja, na hakuna mtoto aliyewahi kumtawala. Walimu wenzake husema hilo la pili ndilo gumu zaidi.

Alizaliwa Mambrui, akasomea ualimu Malindi, kisha akaja kwetu na masanduku mawili: moja la nguo, jingine la vifuniko vya chupa vya kuhesabia.

Utaratibu wake ni rahisi kuueleza. Kuufuata ndiyo kazi. Mtoto akikosea, Bi Rufaida huacha analofanya, huchuchumaa hadi macho yao yalingane, husema maneno machache kwa sauti ya chini, kisha hungoja kama mtu asiye na safari. Aliyemwaga uji hupangusa. Aliyebomoa nyumba ya mchanga huijenga upya, na mwenye nyumba huwa ndiye fundi mkuu.

Mwanzoni wazazi hawakumwamini. Mwenyekiti wao, Mzee Ngowa, alimletea mzigo wa fito za mpera, kama ilivyokuwa desturi kila muhula. Bi Rufaida alishukuru sana, akazipeleka bustanini, akazisimika kuegemeza nyanya. Mzee alipoziona alishika kiuno.

"Mwalimu, nimekuletea dawa ya watoto, wewe umewapa nyanya?"

"Nyanya ndizo zilizokuwa zimelala, Mzee," akamjibu kwa adabu. "Watoto wako macho."

Mzee hakucheka. Alisema muhula ukiisha kabla watoto hawajatulia, atamwondoa mjukuu wake Dena, na wazazi wengine walikuwa tayari kumfuata. Watoto walikuwa wachache. Darasa lingefungwa.

Na Dena huyo ndiye aliyekuwa na meno. Alimuuma mwenzake Lewa mkononi kwa sababu ya kigari cha mkebe. Bi Rufaida alimshika mikono yote miwili, akachuchumaa. "Kuuma sikubali." Dena alilia, akajitupa chini, akainuka, akajitupa tena. Jibu halikubadilika. Alipochoka, alipewa kitambaa cha maji baridi aukande mkono wa Lewa mpaka Lewa aseme basi. Lewa, ambaye hakuwa amewahi kutumikiwa maishani, hakusema basi mpaka wakati wa kwenda nyumbani. Tangu hapo Dena akipandwa na hasira alikuja kuketi karibu na mwalimu, na meno yake yakabaki kwa mahindi.

Siku ya mkutano wa mwisho wa muhula, Mzee Ngowa alisimama kutoa hukumu. Akarusha mkono kwa ukali, akalipiga jagi la maji ya ukwaju. Mkeka wote ukalowa. Kabla mtu hajasema pole, Dena alikuwa amekwishaleta tambara. Akachuchumaa mbele ya babu yake, ambaye alikuwa ameinama kutazama hasara.

"Babu, pangusa. Nakungoja."

Mzee alimtazama mjukuu, akautazama mkeka, akapiga magoti, akapangusa. Dena akamwonyesha pia pembe ya mkeka aliyoisahau. Hapo wazazi waliangua kicheko, kina mama wakashikana mabega wasianguke, na Mzee mwenyewe akacheka kuwashinda. Aliketi bila kumaliza hotuba yake. Muhula uliofuata alileta mzigo mwingine wa fito, akaupeleka moja kwa moja kwenye nyanya.

Leo darasa limejaa, na wazazi wanauliza swali jingine: Bi Rufaida akiondoka, fimbo zitarudi? Mwalimu mpya, Bi Emily Kavumbi, amekuwa akijifunza kwake muhula huu. Juma lililopita mapacha wawili walipigania tairi, kelele zikafika barabarani. Bi Rufaida alikuwa barazani na kikombe mkononi. Alitaka kuinuka, akajizuia. Ndani, Bi Emily alichuchumaa, akasema machache, akangoja. Kilio kikapungua, na baada ya kitambo tairi likasikika likibingirika. Bi Rufaida akanywa chai yake ikiwa bado moto, jambo ambalo walimu wenzake hawakuwahi kulishuhudia.

Bi Rufaida, ahsante kwa subira yako. Tunakuombea afya njema, raha huko Mambrui, wajukuu wenye vituko, na chai ya moto kila asubuhi.

Mahira Ubaid, Gredi ya Tisa, kwa niaba ya wanafunzi wote