Risala ya Wasusi wa Gachoka kwa Mpima Mzunguko wa Protoni

Mgeni rasmi, Daktari Virginia Ciakuthii, mwalimu mkuu, chifu, na nyinyi wazee mlioletwa na harufu ya mbuzi:

MAKARIBISHO
Sisi wanawake wa kikundi cha Mwangaza cha kusuka vyondo, vikapu vya mkonge, tunasema karibu nyumbani, Daktari. Umekonda, lakini hiyo ni kazi ya chakula cha mchana.

HISTORIA
Tulianza mwaka wa 1998, tukiwa tisa, tukisokota mkonge juu ya paja. Wewe ulikuwa ukija na cucu, nyanya yako, na kutusumbua: mbona uzi wa mwenzetu Ndambiri, anayetumia mkono wa kushoto, umejipinda kinyume na wetu? Tulikufukuza. Tusamehe, hatukujua swali kama hilo lina mshahara.

MAFANIKIO (yako, yetu yako mezani, yanauzwa)
Jana kanisani ulitueleza kazi yako tukaelewa, karibu yote. Ndani ya kila kitu, hata ndani ya githeri yetu ya mahindi na maharagwe, mna protoni, na kila protoni ina mzunguko wake, ingawa ulisema si kama wa pia ya watoto. Mnazipanga zielekee upande mmoja, mnazigonga, mnahesabu vinavyoruka. Mnazigeuza, mnahesabu tena. Tofauti ni kidogo sana, miaka inapita, na bado mnahesabu. Sisi watu wa mkonge tunauheshimu uvumilivu huo.

Tena mkagundua kwamba zile kwaki tatu, vipande vilivyo ndani ya protoni, zilizodhaniwa kubeba mzunguko wote, hubeba kama theluthi tu. Hapo mwenyekiti wetu Regina akanong'ona, "Hao ni sisi maofisa watatu wa kikundi." Tukamjibu, "Theluthi nzima? Mama, usijipendelee."

CHANGAMOTO
Kesho saa nne asubuhi wasichana wa shule yetu wanachagua masomo. Fizikia isipopata wasichana kumi na wawili itafutwa, na mwalimu wake Njagi atahamishwa. Walioandika majina ni wanne. Wengine wanasema ni somo la wavulana. Kawira, mjukuu wangu mimi ninayesoma hapa, alisema hivyo akinywa chai yangu.

OMBI
Hatuombi tenki la maji, ingawa likija hatutalirudisha. Tunaomba usiondoke leo. Ndege yako ni kesho usiku, na Nairobi ni mwendo wa saa tatu. Hesabu hiyo hata sisi tulioishia darasa la saba tunaiweza. Lala kwa Regina. Saa mbili asubuhi, kabla hawajachagua, uingie darasani, wakuone, uwaongeleshe Kimbeere, lugha yetu.

Atakayekuletea chai asubuhi ni Kawira. Usimhubirie. Muulize tu anaogopa nini, halafu unyamaze.

Mungu aliyeficha mambo makubwa ndani ya vitu vidogo akuzidishie macho.

Ni sisi, wanawake wa Mwangaza, Gachoka.
Imesomwa na Nelius, katibu.