Uso wa Bwana Randa

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Tangu alfajiri Keko kulikuwa na mawingu na manyunyu ya kipupwe, na mafundi wakafunika mbao zao kwa maturubai. Najat, binti wa Mzee Sadallah, amempigia simu mdogo wake Nawaf asubuhi nzima bila kupokelewa. Sasa ameazima simu ya fundi Wilfred, na safari hii imepokelewa haraka.

NAWAF: Haloo? Fundi, niambie! Viti vilivyobaki vimeshaku—

NAJAT: Si fundi.

NAWAF: (mkwaruzo) Haloo? Nani mwenzangu?

NAJAT: Mimi hapa. Najat.

NAWAF: Aah! Da Najat! Shikamoo dada.

NAJAT: Marahaba. Simu yangu mimi huioni?

NAWAF: Dada, huku Kawe kwenye uzinduzi ni moto. Ukumbi, watu wa spika, waandishi wa habari, mie mwenyewe chai sijanywa. Ningekupigia, wallahi—

NAJAT: Usiape.

NAWAF: (kicheko) Haya bana, siapi. Baba ameshavaa?

NAJAT: Ameshavaa. Kanzu ya Idi na koti juu. Yupo barazani. Kila mteja anayeingia dukani kwa Margareta kununua vanishi, lazima aambiwe kwamba leo mwanawe anamrudisha mjini Bwana Randa, shujaa wa katuni zake.

NAWAF: Mzee wangu! Basi mwambie gari liko Chang'ombe, linakuja. Sasa dada, ngoja nika—

NAJAT: Huyo Bwana Randa wako, hebu nieleze.

NAWAF: Nikueleze nini tena? Si ulikuwaga unalala na magazeti yake ya katuni chini ya mto?

NAJAT: Huyo ni wa baba. Seremala wa Keko, mchana anapiga randa, usiku anajifunga kilemba usoni na kwenda kuwatoa watu waliofungiwa. Hakuna mlango wa mbao usiomfungukia. Huyo namjua. Nieleze wa kwako.

NAWAF: Wa kwangu noma, dada! Sikiliza. Mwaka elfu mbili mia moja ishirini na tano. Keko ina maghorofa, ya juu kabisa huyaoni kwa mawingu. Mti hata mmoja hakuna, mbao watoto wanaonyeshwa kwenye makumbusho. Milango yote ya mji ni ya mwanga, na ni mali ya tajiri mmoja. Unarudi kutoka kazini, mlango unakukagua, ukikukataa unalala nje na mtoto wako mgongoni.

NAJAT: Na Bwana Randa?

NAWAF: Hapo sasa! Mbao hazipo, nguvu zake zimekwisha, ni mzee tu wa kukaa kibarazani. Watu wa yule tajiri wanamkata mkono, anapata mkono wa chuma. Akiuweka ule mkono kwenye mlango wa mwanga, ananong'ona, anaukumbusha mlango kwamba zamani, kabla ya yote, ulikuwa mti. Unafunguka.

NAJAT: Hapo pazuri.

NAWAF: Eeh?

NAJAT: Pazuri sana, Nawaf. Nasema kweli.

NAWAF: Asante dada. Asante. Unajua nilikuwa na wasiwasi wewe ndiye—

NAJAT: Na usoni?

NAWAF: (mkwaruzo) Nini?

NAJAT: Usoni. Kilemba kipo?

NAWAF: Dada, mtandao unakata—

NAJAT: Haukati. Kilemba kipo?

NAWAF: Kipo. Kipo... shingoni. Kimeshuka kidogo, ndiyo staili ya sasa.

NAJAT: Wilfred alipoleta viti hapo ukumbini alipiga picha bango lenu. Ninalo humu simuni mwake. Limeanzia paani mpaka chini.

NAWAF: Dada, hilo bango—

NAJAT: Ni wewe.

NAWAF: Siyo mie hasa hasa, ni—

NAJAT: Ndevu zako. Pua yako. Na kovu la kwenye nyusi, siku ile ulipomkimbiza kuku wa bibi ukajigonga kwenye pipa. Hata kovu hukuliacha!

NAWAF: Sikiliza, ishu iko hivi. Wenye hela zao walikaa na mie, wakasema shujaa asiyekuwa na uso watoto wa siku hizi hawamtaki. Wanataka sura. Sasa mie nifanye nini?

NAJAT: Walikwambia uweke ya kwako?

NAWAF: Hapana.

NAJAT: Basi.

NAWAF: Dada—

NAJAT: Ijumaa ile ulipokuja kuomba ruhusa, baada ya swala, baba alikushika mkono akakwambiaje?

NAWAF: Nakumbuka.

NAJAT: Sema.

NAWAF: Alisema, mpeleke popote, hata mwezini mpeleke, ila uso usimchore.

NAJAT: Na sababu ukapewa. Uhai si wetu kuutia kwenye sura, akasema, na yeye ataulizwa siku ya mwisho kuhusu kila alichokichora. Ndiyo maana miaka yote ile ni kilemba, ni mgongo, ni kivuli. Watoto wote wa Keko wakawa wanaapa kwamba Bwana Randa ni baba yao. Ukasema naam. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nawamiminia kahawa.

NAWAF: Naomba unisikilize na mie. Mara moja tu.

NAJAT: Nakusikiliza.

NAWAF: Utotoni, baba akirudi kutoka kazini na unga wa mbao kichwani, anaoga, anaswali, anakaa mezani anamchora yule. Kila siku. Mie nakaa pembeni yake. Najikaza nisikohoe. Unajua aliniambia nini? "Sogea, unaniziba taa." (mkwaruzo) Mie alinichora lini, dada?

NAJAT: Hata mimi hakunichora.

NAWAF: Wewe hukutaka.

NAJAT: Nani alikwambia?

NAWAF: Nilidhani tu.

NAJAT: Haya. Sasa unataka baba aje afanye nini huko?

NAWAF: Akae mbele, basi. Asome dua ya kufungulia, watu waitikie amina, apigwe picha mbili tatu, mie mwenyewe namrudisha. Hatajua.

NAJAT: Hatajua vipi, na bango liko juu ya kichwa chake?

NAWAF: Si haoni, dada.

(kwa mbali randa inapita juu ya ubao)

NAJAT: Rudia.

NAWAF: Sikuwa na maana hiyo—

NAJAT: Nawaf. Ulianza kumchora Bwana Randa huyu wa kwako tangu ukiwa chuo. Chini chini. Nilikuwa nayaona makaratasi. Nikakwambia nenda kamwombe baba, ukawa unanikwepa. Mwaka huu, wiki ileile aliyosema daktari kwamba macho ya baba hayarudi, ukaja na halua na tende ukaomba ruhusa.

NAWAF: Ilitokea tu hivyo.

NAJAT: Nikasema, mdogo wangu amekua. Anamfariji mzee. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yako, Nawaf. Kwenye sijda.

NAWAF: Dada, usilie.

NAJAT: Silii. Ulisubiri macho yake yaondoke.

NAWAF: Usinifanyie hivyo. Wallahi, usi—

BABA: (kwa mbali) Najat! Ni Nawaf huyo? Mwambie mimi niko tayari, koti linanipika!

NAJAT: Umemsikia. Naweka spika umwambie mwenyewe. Wilfred yupo, Margareta yupo, wote wa nyumbani. Sema neno moja tu: baba, nimemchora uso. Atakasirika. Labda hatakuja. Kesho atakusamehe, unamjua.

NAWAF: Dada, usiweke. Dada—

BABA: Nawaf!

NAWAF: Shikamoo baba.

BABA: Marahaba mwanangu! Nimekaa hapa kama bwana harusi. Margareta ananicheka.

MARGARETA: Mzee, mimi nimecheka saa ngapi?

BABA: Najat anasema una neno.

NAWAF: Neno... (mkwaruzo) Gari linafika sasa hivi, baba.

BABA: Alhamdulillahi. Sasa nisikilize. Dua yangu nimeiandaa, fupi, sitawachosha wenzako. Ila huko nitamtaja Mwenyezi Mungu mbele ya umati, na mimi sioni. Sitaki niombee nisichokijua. Kwa hiyo nakuuliza mbele ya hawa, uniondolee wasiwasi. Uso wake umeufunika?

(mkwaruzo)

BABA: Nawaf? Imekatika?

NAWAF: Haijakatika, baba. Naam. Umefunikwa.

BABA: Kama nilivyokuwa nafunika mimi?

NAWAF: Kama wewe, baba.

BABA: Mungu akuzidishie. Mtoto mwema. Wilfred, wewe si ulikuwa huko asubuhi? Kilemba kimekaaje?

WILFRED: Mzee... mimi nilikuwa nashusha viti.

BABA: Wewe nawe! Umekwenda mpaka Kawe hukuinua hata kichwa? Mbona mmenyamaza wote?

MARGARETA: Gari hilo limefika, mzee.

(honi)

BABA: Haya, Najat, nishike mkono twende. Tusimcheleweshe mwenyewe.

NAJAT: Kaa kwanza, baba.

NAWAF: Dada, nakuomba. Nakupigia magoti huku nilipo. Watu wameshajaa, wameshaanza kuuliza mzee yuko wapi—

BABA: Kuna nini?

NAJAT: Nawaf, usikate simu. Nataka na wewe usikie. Wilfred, Margareta, sogeeni hapa, muwe mashahidi wangu. Baba, lete mkono. Huu. Mimi Najat binti Sadallah, naahidi mbele ya Mungu na mbele ya hawa: sitaushika mkono wako kukupeleka mahali popote mpaka nikwambie kwanza kila kilichopo mbele yako. Kiwe kizuri, kiwe kinaniuma, kiwe kimefanywa na mtu ninayempenda. Na naanza sasa hivi.