Mashini Niliyoijua Kuwa Si Yangu

Akina mama, na ninyi akina baba mliochagua viti vya karibu na mlango, asanteni kwa kunipa nafasi. Mwezi uliopita nilimwomba mama kiongozi wetu aniruhusu kusimama, akanijibu, "Ungoje kwanza, Madame. Ungali unaongea kama mwalimu." Leo amekubali. Basi mkiona nimeanza kufundisha badala ya kukiri, kohoeni nisikie.

Sitamtaja mtu kwa jina. Baadhi yenu mtamtambua ninayemsema. Nawaomba macho yenu yabaki kwangu, kwa kuwa kosa lote ni langu.

Nilianguka kwa wivu. Naona akina mama wa nyuma wameinua vichwa, wakidhani nitasimulia habari za mwanamume. Poleni. Wivu wangu ulikuwa wa kompyuta. Chekeni tu, hata mimi ningecheka.

Nilipokuwa msichana wa sekondari kule Bukavu, mwalimu wetu wa hesabu alileta darasani kompyuta ya nyumbani, ya zamani sana, ya zile zilizonunuliwa na watu waliotaka kujifunza wenyewe kwa mapenzi tu. Haikuwa na kioo chake. Ilikuwa kibao kinene chenye vitufe, ukakiunganisha na televisheni. Ulichotaka kihifadhiwe ulikirekodi kwenye kasete, zilezile za nyimbo za kwaya, na ukiicheza kasete hiyo redioni ilipiga kelele kama maji yaliyodondokea mafuta ya moto. Niliandika mistari mitano, na televisheni ikajaa jina langu kutoka juu hadi chini. Sijawahi kuonekana duniani kama nilivyoonekana mchana ule. Mwalimu alipohama, aliniachia mimi mashini ile.

Vita vilipofika kwetu hapa Baraka, nilikokuwa nimehamia, tulichimba shimo nyuma ya nyumba, kama wengi wenu mlivyofanya. Jirani yangu alinisaidia. Tulizika sahani, cherehani na ile kompyuta ndani ya mfuko wa plastiki. Mimi nikabeba sufuria, nikavuka ziwa. Miaka ilipita. Niliporudi Baraka nilikuta shimo tupu, na maji ya mvua ndani yake.

Ndipo nilipoanza kukusanya. Ndugu zangu, nawaambia, miaka ile ilikuwa na utamu ambao bado naukumbuka. Nilisikia kwamba Nundu kuna mama mwenye kibao cha ajabu. Nikaenda, nikamkuta amekitumia kukandamiza wavu juu ya ndagala alizoanika. Aliniangalia kwa huruma. "Unataka hii? Hii njo jiwe yangu, Madame. Lete kwanza jiwe ingine." Nikamtafutia jiwe, nikaongeza kikwembe cha kujifunga kiunoni, tukaachana kwa furaha. Kompyuta ile ilinuka samaki mwaka mzima. Nyingine niliifuata Lulimba nyuma ya pikipiki, kwa mnunuzi wa dhahabu ambaye watoto wake waliichezea kama piano. Mbili zilitoka Uvira, moja ikiwa imepoteza vitufe kama kinywa cha mzee. Nilizipanga rafuni sebuleni, na kila Jumamosi nikazipangusa kwa brashi ya meno. Zote nne hazikuwaka. Hilo halikunisumbua. Nilikuwa mtu pekee Baraka nzima mwenye vitu hivyo na mwenye kuvijua, na nililipenda sana neno hilo, pekee.

Kisha akaja yule dada. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mkulima, anayelima maharagwe katika shamba la kuazimwa. Jumapili moja baada ya ibada aliingia katika ukumbi wetu na mfuko wa gunia, akaomba televisheni ya vijana. Akatoa kompyuta. Akaiunganisha, akaweka kasete, akakaa kuisubiri kwa utulivu wa mtu anayengoja maji yachemke. Televisheni ikawaka rangi. Hesabu za kujumlisha zikatokea, na mtoto akipata jibu, nyota ilipita kwenye kioo.

Ukumbi ulipiga kelele. Mimi nilisimama nyuma. Kijana mmoja wa kwaya akanigeukia, akasema mbele ya watu, "Madame, yako iko makaburi ine. Ya huyu mama iko muntu muzima, iko inaongea!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka kwa meno tu.

Nilisogea karibu. Nilichungulia, si kwa upendo, bali kutafuta kasoro. Mstari wa juu wa vitufe vyake ulianza na Q na W. Ile yangu ya Bukavu ilipangwa Kifaransa: ilianza na A na Z. Shikeni hilo, ndugu zangu. Tangu dakika ile nilijua, kwa hakika kama ninavyowajua wanangu, kwamba mashini ile haikuwa yangu.

Nikamuuliza aliipataje. Akaniambia baba yake alikuwa fundi wa redio, aliinunua kwa mfanyabiashara wa Kigoma, naye alimfundisha kuitengeneza. "Na ulipokimbia?" nikauliza. Akajibu kwa wepesi: aliitia katika sufuria ya maharagwe. Haikuenea, basi alimwaga nusu ya maharagwe njiani. "Batoto balilala njaa siku mbili. Mpaka leo banangu banakumbusha."

Mliosikia mlimsikitikia. Mimi niliona wivu. Sikumwonea wivu kwa kuwa yake iliwaka. Nilimwonea wivu kwa sababu sote wawili tulisimama siku moja mbele ya sufuria na mashini, naye alichagua nisichokichagua mimi. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba haikuwezekana. Na huyu hapa, amekaa kwenye benchi letu, akijifuta jasho kwa ncha ya kitambaa.

Kuanzia siku ile sikuwa na amani. Wanafunzi wangu, waliokuwa wakinizuru Jumamosi, wakaanza kwenda kwake. Niliwaonea wivu kwa kicheko walichorudi nacho. Nilimwonea wivu kwa vidole vyake vyenye udongo, vilivyopita juu ya vitufe bila yeye kutazama. Nilipopangusa zangu niliona takataka.

Wiki ya pili, jirani yangu, yule tuliyezika naye vitu, akaniuliza penye bomba la maji, "Madame, ile mashini ya yule mama, haiko ile yetu yenye tulizikaka?"

Neno moja tu lingetosha. Hapana. Nami niliinua ndoo yangu, nikasema, "Mungu anajua," nikaenda zangu. Nilimtumia Mungu kama pazia.

Jirani hakuwa na nia mbaya, lakini aliuliza na wengine, na swali likageuka jibu. Wakimbizi wanafukua vitu vya watu. Hivyo ndivyo ilivyosemwa sokoni. Mwenye shamba akamwambia yule dada asirudi tena kulima, na maharagwe yalikuwa yametoa maua tu. Mimi nilisikia hayo, nikala chakula changu.

Kamati ya kanisa ikatuita sote wawili. Baadhi yenu mlikuwepo. Yule dada alisimama na kusema, "Hii nilitoka nayo kwetu, ndani ya sufuria ya maharagwe." Mtu akacheka. Mwingine akamwomba karatasi ya kununulia. Macho yake yakawaka. "Nyinyi mulipokimbiaka, mulibeba fakitire?"

Ndipo mwenyekiti akanigeukia: "Madame, we njo unajua hizi vitu. Angalia muzuri. Iko yako, ao haiko yako?"

Niliweka miwani. Niliitazama ile Q. Niliitazama ile W. Nikasema, "Inafanana nayo."

Maneno mawili. Kompyuta ikawekwa mikononi mwangu, na mtu akaifunga vizuri kwa kamba ili isinianguke njiani.

Nikaiweka katikati ya rafu. Siku tatu sikuiwasha; niliizunguka kama mwizi anavyozunguka nyumba, ingawa nyumba ilikuwa yangu. Siku ya nne, saa tisa mchana, niliiunganisha na televisheni, na kabla sijakaa nikasikia hodi. Alikuwa yeye, na kasete mkononi.

"Sikukuya juu yako," alisema akiwa bado mlangoni. "Nilikuya juu ya mashini. Iliwaka tangu saa ngapi?"

Akapita mbele yangu, akaweka kiganja mgongoni mwa mashini, kama mama anavyompima mtoto homa. Akaniagiza nisiiache ikiwaka zaidi ya saa moja, kwa sababu kuna kifaa ndani kinachoungua. Nikampa chai, akakataa. Akaniwekea kasete, akanionyesha pa kuanzia. "Bila hii haina kitu ya kusema. Sasa andika jina yako, nione kama vitufe vyote vinapona."

Jina langu lina A tatu. Nikaandika haraka, kama nilivyozoea tangu usichana. Televisheni ikaonyesha Q tatu.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Q tatu tena. Yeye hakutazama tena televisheni, alitazama vidole vyangu.

"Vidole yako inatafuta A fasi yenye haiko," alisema polepole. "Ilijifunza kwa ingine." Akanigeukia. "Madame. Ulijua?"

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na desturi ya kunyamaza, na kimya kingenisaidia tena. Lakini akilini niliyaona yale maua ya maharagwe, sijui kwa nini, nikasema, "Nilijua."

"Tangu kamati?"

"Tangu Jumapili ya kwanza."

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliizima mashini, akaifunika kwa kitambaa isiingie vumbi, akatoka. Na hata hapo, ndugu zangu, hata hapo, nilimwonea wivu kwa jinsi alivyoifunika.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama kiongozi wetu, nikamwangukia, nikalia vya kutosha. Alinisikiliza hadi mwisho huku akichambua mchele. Kisha akasema, "Kulia umelia, Madame. Sasa mashini itajipeleka yenyewe?"

Nikamwambia nitaituma kwa mtu.

"Mutu gani? Ulisema uongo na kinywa ya mutu?"

Nikaomba basi niipeleke jioni, watu wakiwa majumbani. Akatikisa kichwa. "Utaenda asubuhi. Na utapitia soko."

Nilipitia soko. Niliibeba kichwani, na kila aliyeniuliza nilimjibu: hii si yangu, nilijua si yangu, naipeleka kwa mwenyewe. Muuza mihogo mmoja akaita, "Madame, semea na bale ba nyuma, habakusikia!" Nikarudia kwa sauti. Nilipofika kwake, alipokea mashini kwanza, akaikagua pande zote, ndipo akanipa kiti. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kamati na kusema yaleyale. Jirani yangu alinilaumu kwa ukali, kwa kuwa nilimfanya yeye kuwa mdomo wangu, na alikuwa na haki.

Kwa mwenye shamba nilichelewa. Aliniambia, "Nilishapatiaka muntu mwingine." Nikampa yule dada shamba langu dogo, njia ya kwenda Fizi, alime miaka mingi atakavyo. Alilikubali, ila akaweka mambo wazi: "Shamba nitalima. Lakini kulima si kusamehe."

Mtaniuliza kama wivu umekwisha. Sitawadanganya, nimedanganya vya kutosha. Mwezi uliopita kifaa kimoja cha mashini yake kiliungua. Akaja, akazitazama zangu nne, akaifungua ile ya Nundu, akatoa alichohitaji. Nilimshikia bisibisi. Wivu ulikuja kama zamani, na nikaendelea kushika bisibisi. Huo ndio uponyaji nilioupata, na nimeona unatosha kwa siku moja. Kesho nitaomba mwingine.

Namshukuru mama kiongozi, aliyenikatalia njia fupi. Nawashukuru ninyi mliocheka sokoni lakini mkaendelea kunisalimu. Namshukuru jirani yangu, ambaye sasa tunaongea tena, ingawa kwa uangalifu. Na kwa yeyote aliyekaa hapa akiwa na jambo analolijua peke yake, jambo linaloweza kumsafisha mwenzake, nasema hivi: liseme leo. Mimi nilidhani wivu ni hisia tu, kitu cha moyoni kisichomdhuru mtu. Ulimnyima mwanamke shamba, na sikuwa nimetamka uongo hata mmoja ulionyooka.

Kabla ya kuja hapa nilimwendea kumwomba ruhusa ya kusimulia. Alikuwa akipalilia. Hakusimama. Alisema, "Sema yote. Jina yangu usitaje. Na usibaambie kama nilikusamehe, juu sijamaliza."

Nimefanya alivyoniagiza. Kwa hiyo sikuja kuwaambia kwamba nimesamehewa. Nimekuja kuwaambia kwamba nilichukua kisicho changu nikijua, na kwamba nimekirudisha. Hilo lingine, la kusamehe, analo yeye, na simharakishi.