Shemeji Yupi?

Benchi la nje ya duka la Antena, fundi wa televisheni, lina miguu mitatu na tofali, na wanaolikalia hawajawahi kukubaliana hata juu ya tarehe. Alasiri hiyo walikuwa wanne. Alikuwepo Antena mwenyewe, bisibisi nyuma ya sikio. Dobi, aliyeiacha pasi yake ipoe ng'ambo ya barabara. Mama Birika, muuza kahawa, ambaye haketi mpaka pawe na jambo. Na Karani, mstaafu wa mahakama, ambaye hata akiketi hakai. Anakaa, anasimama, anatazama saa, anakaa tena. Mkewe amelazwa, kesho asubuhi anapasuliwa, na saa kumi wageni wanaruhusiwa wodini. Jana mama huyo alimwambia mumewe neno moja tu: “Kesho usije bila muuaji.”

Muuaji alikuwa ndani ya kanda ya video. Ilikuwa filamu ya mauaji ya zamani, ya zile zilizotengenezwa kwa ajili ya televisheni: jumba moja, mvua nje, maiti moja, na watu wanaokunywa chai kana kwamba hakuna msiba. Karani na mkewe waliirekodi enzi hizo, ikisomwa kwa Kiswahili na bwana mmoja mwenye mafua aliyesema maneno ya wote, wake kwa waume. Wiki iliyopita walikuwa wakiitazama tena, maana mwisho walishausahau, deki ikaitafuna kanda karibu na mwisho. Kesho yake mama akalazwa. Antena aliikata pale palipoharibika, akaiunga, na leo wameitazama wote dukani hadi pale inspekta anapowaita watu sebuleni na kusema: “Aliyemtilia marehemu sumu ni shemeji. Ni yeye!” Kisha chenga tupu kwenye kioo.

— Shemeji yupi? — Karani aliuliza kwa mara ya nne. — Nyumba ile ina mashemeji wanne!

— Watano, — alisema Dobi. — Kaka wa mke, dada wa mke, mke wa kaka wa marehemu, mume wa dada yake. Na yule rafiki yake.

— Rafiki si shemeji wa damu.

— Kwani kuna shemeji wa damu?

Karani akatazama saa.

— Angalau tujue ni mwanamke au mwanamume, — alisema Mama Birika.

— Msomaji kasema “yeye”, — alijibu Antena. — Kiswahili chetu hiki, mama, kinaficha watu.

— Wewe ndiye uliyekata kanda! — Karani alimgeukia. — Umekata jina la mtu!

— Nilikata palipotafunwa, mzee wangu. Deki haichagui.

Dobi alijisogeza mbele, benchi likayumba.

— Ni kaka wa mke. Alibadilisha shati mara mbili kabla ya chakula cha mchana. Mimi nafua nguo za watu, najua. Na wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Yeye kaja mgeni, mwenyeji kafa. Methali imegoma.

— Wapi! — alisema Mama Birika. — Ni inspekta mwenyewe. Kamwoa dada wa marehemu kwa siri. Hamkuona alivyojua kabati la vikombe lilipo? Polisi gani anajua vikombe vya watu?

— Mnahangaika bure, — alisema Antena, akiitoa bisibisi sikioni kama anayetaka kuapa nayo. — Muuaji ni msomaji. Sauti zote ni zake. Kajiuliza, kajijibu, kajikamata. Asiyekuwepo na lake halipo, na yeye hayupo kabisa kwenye picha. Ushahidi gani tena mnataka?

Wote walicheka isipokuwa Karani, ambaye alikuwa amesimama tena.

— Mzee, mpe jina lolote, — Mama Birika alimwambia kwa upole. — Sema dada wa mke. Mgonjwa atafurahi.

— Nimdanganye leo? Leo hii, mama? — Sauti ilimpanda. — Miaka thelathini na moja nimeandika “kesi imeahirishwa”. Asubuhi imeahirishwa, mchana imeahirishwa. Nikirudi nyumbani, mke wangu anawasha zile filamu. Anasema, “Njoo uone kesi inayokwisha.” Ndani ya saa moja na nusu, mtu kajulikana, chai imenywewa, tunakwenda kulala. Sasa kila nikimuuliza daktari, ananiambia tusubiri. Tusubiri! Nilitaka kitu kimoja tu kiishe kabla hajaingia mle ndani.

Mama Birika alimmiminia kahawa ambayo hakuiomba, naye akaishika bila kuinywa. Alikuwa anaogopa, na wote waliliona hilo.

Hapo ndipo akasogea mwanamke mmoja, redio mbovu kwapani, mgeni kabisa pale. Alikuwa amesimama nyuma yao muda kidogo akisubiri fundi apate nafasi.

— Samahanini, — alisema. — Huyo aliyeuawa alikuwa anaitwa nani?

Antena alimtazama Dobi.

— Si walimwita marehemu, — alisema Dobi.

— Marehemu si jina, kaka.

— Mwenye jumba, — alijaribu Mama Birika. — Yule... wa dakika ile ya kwanza.

Wakatazamana. Walijua mashati ya watu, vikombe vyao na mkono walioshikia kijiko. Huyo aliyelala sakafuni, ambaye yote yale yalikuwa kwa ajili yake, hawakumjua hata kwa herufi moja. Karani alijaribu kumkumbuka, akaishia kuona soksi zake tu. Aliona aibu, aibu ya kweli, kama aliyepita penye msiba bila kutoa pole.

— Mke wangu anajua, — alisema polepole. — Wauaji huwasahau. Wale waliokufa, anawajua wote kwa majina.

— Basi kamuulize, — alisema mgeni.

Karani aliweka kikombe chini.

— Nakwenda kumuuliza. Ila nitamwambia asinijibu leo. Anijibu kesho, akitoka mle ndani.

Akatia mikono mfukoni, akavuka barabara.