Siku Tume Ilipokuja kwa Papa Isidore

Wasikilizaji wapendwa, mulioko Kadutu, Bagira na Nguba, na ninyi wa Sange na Luberizi muliotoka kwenye mupunga mukaketi kidogo, ni mimi Yolande. Kama radio iko jikoni, ongezeni sauti. Leo sitaweka muziki katikati.

Tumemuzika Papa Isidore Cirhuza. Tumemuzika juma hii, mvua ikinyesha. Alikuwa amepita miaka makumi tisa. Wengi munamujua: yule muzee wa kofia aliyekuwa anasimamisha vijana barabarani na kuwauliza wanasoma nini.

Munanijua na mimi. Kila juma munanipigia simu: Maman Yolande, tuambie vile mutu fulani alipanda kazi. Ninawajibu vilevile siku zote: nafasi ikipita mbele yako, kamata. Papa Isidore alikamata. Basi nilifikiri kipindi chake kitakuwa chepesi. Nikaenda kwenye matanga na maswali yangu tayari. Bibi yake, Maman Adolphine, akaniangalia, akasema: "Yolande, kama unaenda kusema tu kwamba alipanda, bora usiseme kitu." Kwa hiyo nitasema yote. Familia imeniruhusu, na sitapaka sukari.

Isidore alizaliwa Nyangezi. Alisoma kwa mapadri, akaja Bukavu kijana, akapata kazi ya kufagia biro moja ya serikali. Kufagia, wasikilizaji, ndiyo ngazi yake ya kwanza. Ndani ya ile biro kulikuwa mashini za kuandika. Yeye anafagia, macho iko kwenye vidole vya makomi, wale waandishi wa biro. Alipooa Adolphine, hakuwa na mashini nyumbani, lakini alikuwa anajifunza. Maman Adolphine ananiambia na kucheka kidogo, kicheko cha mutu aliyelia siku nyingi: "Alikuwa anapiga mashini juu ya mugongo yangu. Nimelala, yeye anaandika barua kwa Gavana. Akikosea, anafuta na mukono."

Siku moja komi mumoja aligonjwa. Isidore akaweka ufagio chini, akaketi, akaandika. Toka ile siku akawa komi. Muone? Alikamata.

Lakini hapo ndipo njia ilifungwa. Siku zile za Wabeleji, kujua kazi haikutosha. Kulikuwa carte. Narudia, vijana musikie: kulikuwa carte ya serikali, ya kuonyesha kwamba Mweusi huyu "ameendelea". Bila carte, utabaki komi mudogo mpaka uzeeke. Ukiwa nayo, unaweza kuwa komi mukubwa. Unatembea mujini saa wenzako wamekatazwa. Mutoto wako anaweza kusoma pamoja na watoto wa Wazungu. Na mwaka ule wa 1957, Adolphine alikuwa amezaa mutoto wao wa kwanza, Constance. Isidore alimuangalia yule mutoto, akaapa: huyu hatafagia kwa mutu.

Carte hiyo haikutolewa biro tu. Tume ilikuja kwako nyumbani. Wanaangalia kitanda. Wanaangalia choo. Wanaangalia kama sahani ziko sawa. Zaidi ya yote, wanataka kuona watu wote wa nyumba wanakula kwenye meza moja, bwana na bibi na kila mutu mukubwa, na uma na kisu. Mutu akikula kwenye mukeka jikoni, wanaandika. Na ukiisha kuandikwa, basi.

Sasa, ndani ya nyumba ile ya Kadutu kulikuwa mutu mwingine. Mama ya Adolphine, M'Karhumuna, alikuwa ametoka Luhwindja kuja kulea mutoto wake aliyezaa. Mwanamuke mufupi, wa kiko mudomoni, wa maneno machache. Na Bashi wenzangu munajua desturi yetu: mama mukwe hakule mbele ya mukwe wake mwanaume, na mukwe hakule mbele yake. Hata kuangaliana machoni ni haya. Siku zote alikula jikoni nyuma ya nyumba, na Isidore alikuwa anakohoa mbali kabla ya kupita, ili mama ajifiche. Ni heshima. Hakuna aliyeona ubaya.

Tume ilipotangaza siku, Isidore alimutuma bibi yake kwa mama: amuombe akae mezani siku moja tu. Yule mama akashangaa. "Mimi nitafune mbele ya mukwe wangu? Adolphine, watu ba Luhwindja bakisikia, nitaweka sura yangu wapi?" Adolphine akasema: basi turudishe mama nyumbani. Isidore akasema mvua imekata barabara ya Luhwindja, gari hazipiti. Hapo alisema kweli.

Angeweza kuwaambia wale wageni: huyu ni mama mukwe wangu, kwetu hatukule pamoja, ni adabu yetu. Labda wangecheka. Labda wangeandika. Labda carte ingechelewa mwaka. Lakini Isidore aliona maisha yake yote yameketi juu ya ile siku. Akaomba mama aingie ndani ya ka-depo ka nyuma, pale wanaweka makala ya moto na unga, akae kimya kidogo. Mama hakukataa. Alisema tu: "Kama ni kwa ajili ya mukwe wangu, nitakaa." Mvua ilikuwa inanyesha, na baridi ya Bukavu munaijua. Akabeba mbabula yake, jiko ndogo ya makala, akaingia nayo, akafunga mulango vizuri. Na dirisha haikuwako.

Tume ikafika. Wazungu wawili na Mweusi mumoja mwenye carte tayari. Waliangalia kitanda, choo, sahani. Vyote sawa. Ilikuwa saa ya kuaga. Lakini mvua ikazidi, na mumoja wa Wazungu akasifu kahawa ya Adolphine, akaomba nyingine. Wakaketi tena. Wakaanza kumuuliza Isidore maneno ya Ubeleji, mito, wafalme. Yeye anajibu, jasho inatoka.

Ndipo kikohozi kikasikika nyuma. Kimoja. Halafu kitu kikaanguka, kama sufuria.

Muzungu akauliza: iko nani kule?

Papa Isidore akasema: "Ni paka, monsieur."

Wasikilizaji wapendwa, haya ni maneno ambayo yeye mwenyewe alimuambia Constance, si mara moja. "Nilisema ni paka. Nilichagua paka kwa sababu Wazungu wanapenda paka. Nilifikiri mpaka pale." Ndiyo hesabu aliyofanya mutu mwerevu kuliko sisi wote.

Kelele haikurudi tena. Wageni wakamaliza kahawa, wakashika mukono wa Isidore, wakatoka. Adolphine akakimbia nyuma, mutoto mugongoni. Akakuta mama yake ameketi, ameegemea gunia la unga. Moshi ya makala ilikuwa imemumaliza. Na pagne yake, kitambaa cha kujifunga, alikuwa ameikunja, ameishindilia mudomoni kwa mukono wake mwenyewe, ili asikohoe tena.

Nitamaliza yote, kama nilivyoahidi. Munisamehe.

Carte ilikuja. Isidore akaichukua. Sitawadanganya kwamba aliitupa ziwani, hakuitupa. Akawa komi mukubwa, na Uhuru ulipokuja akawa na biro yake. Constance akasoma, na wadogo wake wote wakasoma. Kila kitu alichotaka kupata, alipata.

Lakini alipeleka maiti Luhwindja, na kule kaka ya Adolphine, Gaston, alimupokea uwanjani. Kwetu mutu akifa kwa kosa la mwingine, ng'ombe inatolewa, palabre, ile kesi ya wazee, inakwisha, watu wanakunywa pamoja. Isidore alikuja na ng'ombe. Gaston akasema: "Rudisha. Ng'ombe inamaliza maneno. Sisi hatutaki yaishe." Miaka yote, ndoa za watoto, ubatizo, hakuna mutu wa Luhwindja aliyeingia katika ile nyumba. Isidore alirudisha ng'ombe mara nyingine na nyingine. Waliikataa. Alizeeka hivyo, na kofia yake, akiuliza watoto ya watu wanasoma nini.

Gaston naye alikufa zamani. Juma hii, kwenye matanga, mutoto wake Philémon akashuka kutoka Luhwindja. Nilikuwapo, niliona. Philémon akasema: "Tumechoka kuchukia mutu ambaye hatukumujua. Leteni ile ng'ombe." Constance akaanza kulia. Ng'ombe ilikuwa tayari, wakaileta mbele ya nyumba, wakamupa Philémon kamba mukononi.

Hapo Maman Adolphine akasimama. Muzee kabisa, anashikwa mikono na wajukuu. Akasema, na ninarudia maneno yake vile yalivyo: "Hapana. Musitoe bado. Munamuhesabia Isidore peke yake. Mimi pia nilisikia mama yangu akikohoa. Nilikuwa nimesimama. Yule Muzungu aliomba kahawa, na nikafikiri masomo ya Constance, nikamimina. Mungoje nikufe na mimi. Hapo mutatoa."

Philémon aliachilia kamba.

Kwa Maman Adolphine, kwa Constance na wadogo wake, kwa Philémon na watu wote wa Luhwindja, sisi wa radio tunalia pamoja nanyi. Mungu amupokee Papa Isidore, na amupokee M'Karhumuna, ambaye watu hawakumulilia vizuri wakati ule.

Na ninyi vijana, mutaendelea kunipigia simu, na nitaendelea kuwaambia mukamate nafasi. Sitabadilisha. Lakini kabla ya kumimina ile kahawa, sikilizeni kwanza nani anakohoa nyuma, halafu musimame muende mumufungulie mulango.