Papa Aliyegoma Kuitika

Kama hujakaa kwenye gogo la nyuma ya zahanati, huku kwetu kisiwani New Ireland, upande wa machweo, hujui lolote kuhusu papa. Ukikaa pia hutajua, ila utabisha kwa sauti kubwa zaidi. Gogo ni la mnazi ulioangushwa na upepo, limelainishwa na makalio ya wanaume. Mchanga wa chini yake ni mwekundu kwa mate ya popoo tunazotafuna, na kibuyu cha chokaa ya kuchanganyia hupita mkono kwa mkono tangu asubuhi. Kila mwenye nafasi yake pale ana jina la kijiweni. Lakua ni Redio, kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Gilam, mlinzi wa zahanati, ni Sindano, anayejiona daktari kwa kuwa funguo anashika yeye. Na Tamun ni Mita Tatu. Huyu kijana aliipa shule mgongo mapema, akasema imemchosha, na kila samaki aliyewahi kumvua humwonyesha kwa kutanua mikono mpaka wa pembeni ale kibao cha uso.

Asubuhi hiyo Mita Tatu alikuwa amekaa, mikono katikati ya magoti. Karamu ya matanga ya bibi yake ilikuwa imekaribia, na karamu ya ukoo wao bila papa ni aibu ya ukoo mzima. Mjomba wake, mzee Vuluka, alikuwa amemkabidhi njuga ya vifuu ya kumwitia papa na kitanzi cha kumnasia, akamwambia nenda kamwite. Kijana kaenda, karudi na ngalawa tupu.

Ukweli aliujua yeye peke yake. Aliitikisa njuga majini, na papa akaja, bila haraka, kama mtu aliyealikwa. Kijana akaninginiza chambo kwenye kijiti mbele ya kitanzi, papa akaingiza kichwa vizuri kabisa. Kilichobaki ni kuvuta kamba. Papa akageuza jicho, akamtazama. Mkono wa Mita Tatu, ule unaotanuka kuliko mikono yote kijijini, ukakataa. Ufukweni mjomba alipomuuliza, alijibu neno moja tu: "Hakuja."

Akadhani yameishia hapo. Alikuwa amesahau gogo.

— Papa alikuwa amelala, akasema Sindano. Hilo halihitaji darubini.

— Papa halali, Redio akamkata. Hana kibofu cha hewa tumboni kama samaki wengine. Akiacha kuogelea anazama. Anasinzia huku anatembea, kama wewe zamu ya usiku.

— Mimi zamu ya usiku nakaa kitini.

— Ndiyo maana vitanda viliibwa.

— Kitanda kimoja. Na wapo papa wanaolala, wewe. Nimewaona kwenye mchanga kule miambani, wamejinyoosha kama wakwe waliokwisha kushiba.

— Hao ni wavivu, si wa karamu. Huyu wa karamu hakusikia. Mita Tatu, uliitikisa njuga sawasawa?

— Niliitikisa mpaka bega likauma, akasema Mita Tatu. Hilo halikuwa uongo.

— Basi kiziwi, akasema Sindano. Nani hapa kamwona papa na sikio?

— Yapo. Matundu mawili juu ya kichwa, madogo. Samaki akipapatika mbali kule, huyu huku anajua.

— Matundu madogo huziba. Papa ana nta.

— Nta? Papa mwili mzima hana mfupa hata mmoja, ni gegedu tupu. Shika sikio lako. Umeshika? Hiyo ndiyo gegedu. Kwa hiyo papa mzima ni sikio. Nta itaziba wapi?

Sindano alilishika sikio lake, akalikunja, akaliachia. Akatema mate mekundu, akabadilisha njia.

— Sawa, alisikia. Jino lilikuwa linamuuma, hakuwa na hamu ya kula.

— Meno ya papa yakitoka yanaota mengine nyuma yake, safu kwa safu, maisha yake yote. Kwa papa ungekufa njaa na koleo lako la kung'olea meno.

— Basi alikuwa mjamzito.

— Hilo nakubali linawezekana, akasema Redio. Wengine wanazaa watoto hai, wengine wanataga mayai. Lakini mjamzito ndiye anayekula, bwana. Hapana. Sikilizeni niwaambie jambo. Papa ana vitundu puani, ananusa umeme. Kila kilicho hai kina umeme kidogo, hata moyo ukidunda. Moyo wako ukienda mbio, papa anausoma kama mimi ninavyosoma gazeti.

— Wewe gazeti unafungia popoo.

— Nasoma kwanza.

Mita Tatu alihisi moyo wake ukidunda pale pale kwenye gogo. Akauinamia, kana kwamba papa yupo chini ya mchanga.

— Umeme, akasema Sindano polepole, na kila mtu akaona wazo likimpanda usoni. Mwalimu Aipe, mke wa huyu Mita Tatu, si amefunga ile taa ya jua nyumbani? Ina betri. Mume analala karibu na betri, anaingia baharini ananuka betri.

— Na sufuria zake, Redio akadaka. Mwanamke wa milimani yule. Sufuria za milimani hazitoki mafuta ya nguruwe hata uzisugue na mchanga. Na mwita papa hatakiwi kuonja nguruwe.

— Na nani anajua kama hakuigusa ngalawa? Kule kwao hakuna ngalawa, hajui kwamba ni mwiko mwanamke kuigusa.

— Ameigusa, akasema Redio, kama aliyekuwepo. Lazima ameigusa.

Ndani ya dakika chache mke wa Mita Tatu alikuwa ameikalia ngalawa, ameipaka mafuta, na ameichomeka kwenye betri. Mita Tatu alifungua mdomo mara moja. Akautumia kutia chokaa.

Mzee Vuluka alikuwa mwisho wa gogo, akisikiliza. Sasa akatema, akafuta midevu.

— Kaka wa mkeo si amekuja kwa ajili ya matanga?

— Amekuja, mjomba, akasema Mita Tatu. Jana.

— Basi meli ya kesho arudi naye milimani, mpaka karamu ipite. Bahari ikitulia atarudi.

— Mjomba...

— Nini?

— Hakuna.

Hapo ndipo kaka mtu mwenyewe, Kambao, alipotokea kutoka ufukweni, suruali imekunjwa, miguu imejaa mchanga. Alikuwa ameshinda anaizunguka ngalawa, kwa kuwa hakuwahi kuiona nyingine. Mkononi ameshika kijiti.

— Shemeji, hiki nimekikuta ndani ya mtumbwi wako. Cha nini?

— Cha chambo, Redio akamjibu kwa heshima. Unachomeka samaki pale nchani.

Kambao akakigeuza. Ncha haikuwepo. Kijiti kilikuwa kimekatwa mkato wa mviringo, safi, kama mwezi mchanga.

— Kwetu nguruwe pori akila viazi vya mtego, tunasema nguruwe alikuja, akasema. Kama papa hakuja, chambo alikula nani?

Redio akafungua mdomo.

— Alikula kaa, akasema Sindano.

— Kaa mwenye taya pana namna hiyo? akauliza Redio. Akaishia hapo. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuzimika.

Mzee Vuluka akanyoosha mkono, akapokea kijiti, akapitisha kidole gumba kwenye ule mkato, kwenda na kurudi. Hakuuliza kwa nini.

— Mkubwa kiasi gani?

Wote wakamgeukia Mita Tatu. Sindano, aliyekaa pembeni yake, akajivuta nyuma kukinga uso, kwa mazoea.

Mikono ya Mita Tatu haikutoka kwenye magoti.

— Mkubwa, mjomba, akasema.

Ndani ya kikapu cha mzee ilibaki popoo moja. Akaipasua kwa meno, nusu akampa Kambao, nusu akaitia kiganjani mwa mpwa wake.

— Meli ya kesho iende bila mtu wetu, akasema. Na wewe kachonge kijiti kingine. Kirefu.