Kikao Nilichokiongoza Mimi

Sogeeni wanangu, mkubwa kaa hapa niuone uso wako, binti yangu niinulie mto huu, nawe kitinda mimba wangu acha kulia kwanza, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema, si ya kubembeleza mtu.

Nyumba hii ni ya kitinda mimba, aliyeniogesha na kunigeuza tangu miguu iliponigomea. Cherehani na kabati la vyombo ni vya binti yangu. Wewe mkubwa sina cha kukupa ila maneno haya, na ndugu zako nimewaita wayasikie, usije ukasema mama aliweweseka.

Mnajua nilikuwa mkunga wa zahanati, na kwa miaka ishirini nikawa mwenyekiti wa kikao cha usuluhishi cha mtaa, kile cha kuwakalisha mkosaji na mkosewa kwenye mabenchi ya wagonjwa, waambiane yaliyowauma, na mkosaji atengeneze alichoharibu badala ya kuozea jela. Watu walinisifu, nami nikavimba kichwa. Mlinzi wa zahanati alipopigwa nondo, mkono wake wa kulia ukapooza, stoo ikavunjwa na dawa zikabebwa, mlangoni iliokotwa spana ya fundi baiskeli, yule mwembamba tuliyemwita Njiti. Njiti alisema aliisahau mchana alipokuja kuziba pancha. Alisema kweli, nami nilijua, kwa sababu siku ya tatu nilikuta maboksi ya dawa chini ya kitanda chako, mkubwa wangu, pamoja na shati lenye damu. Shati nikalifua kwa mikono hii, maboksi nikayatumbukiza chooni, nikanyamaza. Usiiname. Nitazame.

Siku ya kikao Njiti alikana na kukana. Nikamshika bega, nikamwambia kwa sauti ile niliyozoea kuwatulizia wanawake wenye uchungu, "Kiri, mwanangu, mtaa utakupokea, ukikataa tutakukabidhi polisi." Akanitazama machoni, akasema, "Basi ni mimi." Mlinzi akamkumbatia kwa mkono mmoja uliobaki mzima, watu wakapiga makofi, wengine wakalia, nami nikalia nao, na, Mungu anisamehe, nikaona raha.

Miaka tisa Njiti alimlisha na kumvalisha yule mzee mlinzi, mpaka akamzika, na mzee alikufa akimsamehe mtu asiyemkosea. Mtaa nao ulisema umemsamehe, lakini hakuna aliyempelekea tena baiskeli, na mkewe akachukua watoto akaenda zake.

Mwezi uliopita, daktari aliponiambia hakuna dawa tena, kitinda mimba alinipeleka kwa Njiti, akidhani naenda kuaga tu. Nikamweleza Njiti yote. Hakushtuka. Akasema, "Najua, mama. Alfajiri ile nilirudi kufuata spana yangu, nikamwona mwanao akitoka na mzigo, nikakimbia bila kuichukua."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Mwenyekiti ulikuwa wewe."

Nikamwomba tukae upya mbele ya mtaa, nimsafishie jina. "Sitaki kikao," akaniambia, "nilishakaa kimoja." Akageukia tairi la toroli alilokuwa akiliziba, asinitazame tena.

Mkubwa, nasikia mtaa unataka wewe ukalie kiti changu. Usikikalie. Simama mbele yao useme ulichofanya, na useme nilichofanya mimi, bila kupunguza. Usimtafute Njiti akusamehe. Usimwongezee kazi hiyo. Ningeweza kuwaita majirani hapa kitandani nikasema mwenyewe, lakini nimeogopa, hata leo, hata hivi nilivyo, naogopa watakavyonitazama. Nawe najua hutasema. Nimekuzaa, nakujua.

Binti yangu, maji... kidogo. Inatosha.

Nikifa msimwite Njiti kunibeba. Ametubebea vya kutosha. Msinisomee sifa za usuluhishi makaburini, nizikeni upesi, mrudi nyumbani.

Binti yangu, Mungu akupe nyumba yenye amani. Kitinda mimba, mikono yako isikose baraka. Mkubwa... nawe nakubariki, siwezi kujizuia, sijawahi kuweza, na ndiyo sababu ya... ndiyo sababu ya haya yote. Nipeni mkono wake. Huu si wake, huu ni wako, binti yangu. Yuko wapi? Ametoka? ... Basi mwacheni. Mwacheni... semeni nyinyi... mmoja wenu aseme...